Amerikani: Kivumishi cha Kilatini Kwenye Bonde la Ruzizi

Katika shule za sekondari za Bukavu, Kilatini bado ni somo. Vijana wa sehemu ya fasihi, wale wa Latin-Philo, hukariri bonus, bona, bonum na kufundishwa kwamba kivumishi ni mfuasi wa nomino: huchukua jinsi yake, idadi yake na hali yake katika sentensi. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini haigusi yaliyovipata vivumishi vya vitambaa. Hivyo viliachana na nomino zao njiani vikaendelea na safari peke yao, na kimoja kati yao kilifika kwenye bonde la Ruzizi miongo kadhaa kabla ya shule yoyote kufundisha Kilatini katika Kivu. Hakikuletwa na kitabu cha misa wala na mwalimu. Kilibebwa na wapagazi, kikiwa kimefungwa kwenye marobota. Kivumishi hicho ni americanus, nasi tulikiita amerikani. Nitakachojaribu kuonyesha katika sura hii ni kwamba kivumishi cha mahali kikishapoteza nomino yake, hupoteza na mahali penyewe. Kinachobaki ni ahadi kati ya anayeuza na anayenunua, kuhusu uzito wa nyuzi, upana wa kitambaa na namna kitakavyostahimili kufuliwa. Kwa hiyo anayetumia majina ya nguo kama ramani ya biashara ya zamani, kama wanavyofanya waandishi wengi wa historia yetu, anaweza kupotea mapema sana.

Tuanzie Roma, maana huko ushahidi ni mwingi na umeandikwa. Kilatini kilikuwa na njia mbili kuu za kuunda kivumishi cha kitambaa. Njia ya kwanza ilitaja kitu ambacho nyuzi zimetokana nacho. Ilichukua jina la kitu hicho na kuongeza kiambishi tamati -eus au -inus: laneus ni cha sufu, lineus cha kitani, byssinus cha ile kitani laini iliyoitwa byssus. Pliny Mkubwa, mwandishi Mroma aliyekufa mwaka 79 wakati Vesuvius ilipolipuka, anaeleza kuhusu kichaka cha Misri ya juu ambacho wengine walikiita gossypion na wengi xylon, na kwamba nguo zake ziliitwa xylina kwa sababu hiyo. Huyo ndiye pamba wetu, akiwa amevalishwa kivumishi kilichoshonwa kwa jina la Kigiriki na mwisho wa Kilatini. Njia ya pili haikujali nyuzi hata kidogo. Ilitaja mahali au watu: Cous ni cha kisiwa cha Kos, Tyrius cha mji wa Tiro, sericus cha watu walioitwa Seres. Tofauti ya njia hizi mbili inaonekana vizuri katika vitambaa vyepesi vya Kos. Pliny anasema vilitokana na nyuzi za mdudu bombyx, na kwamba mwanamke aitwaye Pamphile ndiye aliyebuni namna ya kuzifuma. Kitambaa hicho kingeweza kuitwa bombycinus, kwa kumtaja mdudu. Washairi walipendelea kukiita Coa, za Kos, bila kutaja nguo wala mdudu, na kila msomaji alielewa.

Sericus ndicho kivumishi kinachostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Kisarufi hakina ugumu: sericus kwa jinsi ya kiume, serica kwa ya kike, sericum kwa ile isiyo ya kiume wala ya kike. Vestis, vazi, ni nomino ya kike, kwa hiyo vazi la hariri ni vestis serica, na ndivyo mwanahistoria Tacitus anavyoandika anaposimulia kwamba mwaka 16 baraza la wazee wa Roma liliwakataza wanaume kujiaibisha kwa mavazi ya aina hiyo. Tacitus anataja nomino kwa sababu anasimulia amri, na amri hupenda ukamilifu. Washairi tayari walikuwa wameiacha. Kwao serica peke yake, kwa wingi usio na jinsi, ilitosha kumaanisha mavazi ya hariri, na sericum ikawa jina la kitambaa chenyewe. Lakini Seres walikuwa nani? Jina hilo lilielekezwa upande wa mashariki ya mbali, kule tunakokuita China leo, ila waliolitumia hawakuwa wamewaona watu hao. Mshairi Vergilius aliandika kwamba Seres huchana manyoya laini kutoka kwenye majani ya miti. Pliny aliyarudia hayo hayo. Ilibidi kufika karne ya 2 ndipo Mgiriki Pausanias akaandika kwamba nyuzi hizo hutoka kwa mdudu, naye akachanganya mengi kuhusu mdudu mwenyewe. Katikati ya Roma na China walisimama Waparthi na wafanyabiashara wengine, na hawakuwa na haraka ya kuwakutanisha wanunuzi na wafumaji. Mwaka 97 mjumbe wa China, Gan Ying, alitumwa kuifikia Roma. Alifika hadi ufukweni upande wa magharibi wa Waparthi, mabaharia wakamtisha kwa urefu na hatari za safari, akarudi. Kwa hiyo Mroma aliposema serica hakuwa na picha ya nchi kichwani mwake. Alikuwa na kitambaa mkononi, na jina lililokuja pamoja nacho kutoka kwa aliyemuuzia.

Hapa mtu anaweza kunipinga: kutojua jiografia si sawa na neno kupoteza mahali, kwa kuwa Mroma huenda alikosea kuhusu Seres lakini bado alikuwa akiwataja. Jibu limo ndani ya sarufi yenyewe. Baadaye Warumi waliunda vivumishi viwili vipya, holosericus na subsericus. Cha kwanza ni cha nguo ambayo nyuzi zake zote ni hariri. Cha pili ni cha nguo iliyochanganywa hariri na nyuzi nyingine. Kitabu cha maisha ya makaisari kiitwacho Historia Augusta kinadai kwamba Elagabalus, aliyetawala kuanzia 218 hadi 222, alikuwa Mroma wa kwanza kuvaa holoserica. Kitabu hicho kina uongo mwingi na sikitumii kuthibitisha alichovaa kaisari, ila neno lililotumika ni ushahidi mzuri, na tunalikuta pia mahali pasipo na masihara kabisa: katika amri ya bei ya kaisari Diocletian ya mwaka 301. Amri hiyo iliweka ratili ya hariri nyeupe kuwa dinari 12,000 na ratili ya hariri iliyotiwa rangi ya zambarau ya kifalme kuwa dinari 150,000, zaidi ya mara mbili ya bei ya dhahabu. Kwa bei kama hizo, kujua kama nguo ni hariri tupu au ya kuchanganya lilikuwa jambo la mali nyingi. Sasa tuyatazame maneno hayo. Kama sericus bado ingemaanisha cha Seres, holosericus ingekuwa kitu chenye useres mtupu, na subsericus kitu chenye useres nusu. Nguo haiwezi kutoka nusu ya nchi. Viambishi hivyo viwili vinawezekana tu pale neno linapokuwa limeshavuka upande, limeacha kuwa kivumishi cha mahali na kuwa jina la kitu kinachopimika. Na ilipofika karibu mwaka 552, wakati watawa walipomletea kaisari Justinian mayai ya nondo wa hariri Constantinople na ufugaji ukaanza ndani ya himaya yenyewe, jina halikubadilishwa. Hariri iliyotoka kwa wadudu waliofugwa mlangoni mwa kaisari iliendelea kuwa ya Seres. Mwishowe neno hilo lilishuka hadi Kifaransa likawa serge, kitambaa ambacho kwa karne nyingi kimekuwa cha sufu. Kivumishi cha watu wa hariri kimeishia mgongoni mwa kondoo.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipokuwa Zanzibar akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alipiga hesabu ya nguo kama mtu wa leo anavyopiga hesabu ya dola. Alielezwa kwamba watu 100 wangehitaji doti 10 kwa siku ili wanunue chakula njiani, na doti moja ni shuka mbili, yaani yadi 4. Kwa miaka miwili alikadiria doti 4,000 za amerikani, doti 2,000 za kaniki na doti 1,300 za nguo za rangi. Amerikani peke yake ilikuwa yadi 16,000, na katika hesabu nzima ilizidi nusu. Nguo za rangi alizitaja kwa majina ya sokoni, na miongoni mwake imo sohari. Jina hilo lafaa kusimamishwa kando ya serica, kwa sababu ni kivumishi cha Kiarabu: Suhar ni mji wa Oman, na ile -i ya mwisho ndiyo herufi ambayo Kiarabu huitumia kumhusisha mtu au kitu na mahali au ukoo, kama tunavyoijua katika majina ya watu kama Barwani na Mazrui. Nomino imeanguka, kivumishi kimebaki, na mtu wa Ugogo aliyeipokea sohari kama malipo hakuhitaji kuijua Oman. Novemba mwaka ule ule Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wakaona kwa macho yao kwamba Ruzizi huingia ziwani wala hautoki humo. Mto huo ndio unaoanzia hapa Bukavu, Ziwa Kivu linapomwaga maji yake. Wanajiografia wa Ulaya walifurahia kupata jibu kuhusu mto. Mimi naona kwamba katika safari hiyo hiyo, pamoja na za misafara ya waungwana wa pwani iliyowatangulia, kivumishi cha Kilatini kilisogea hadi mlangoni mwa Kivu, katika nchi za maziwa ambako watu walikuwa wakivaa ngozi na magome ya miti yaliyopondwa.

Kusema amerikani ni Kilatini si kutia chumvi. Mwaka 1507, katika mji wa Saint-Dié, Martin Waldseemüller na wenzake walichapa kitabu kidogo cha Kilatini pamoja na ramani, wakapendekeza bara jipya liitwe America kutokana na Americus, umbo la Kilatini la jina la Amerigo Vespucci. Kutoka America, Kilatini huunda kivumishi kwa kiambishi -anus, kile kile kinachotoa Romanus kutoka Roma na Africanus kutoka Africa. Kiingereza kilikikata mwisho, na mabaharia wa Salem, Massachusetts, wakakileta Zanzibar. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833 na mjumbe Edmund Roberts, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akawa balozi mdogo wao wa kwanza pale. Meli zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Zilileta jora kwa jora za pamba isiyopaushwa, nzito na imara, kutoka viwanda vya Massachusetts. Kiswahili kikalipa neno irabu ya mwisho kama kinavyofanya kwa maneno mengi ya wageni, na -anus ya Roma ikawa -ani. Tena jina tunaloiita nchi yenyewe, Marekani, lina umbo la kivumishi, kwani lingekuwa limetoka kwenye nomino lingekuwa Amerika tu, kama tunavyoliita bara. Naona maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba watu wa pwani walimjua Mmarekani na nguo yake kabla ya kuwa na haja ya kuitaja nchi, na haja hiyo ilipokuja wakatumia neno lililokuwa tayari mdomoni.

Mwenye kukijua Kiswahili vizuri atauliza kama hiyo -ni si ile ya nyumbani, sokoni na ziwani. Je, amerikani si Amerika-ni, kitu cha kule Amerika? Ni swali zuri na linastahili kujibiwa kwa sarufi. Kwanza, majina ya mahali kwa kawaida hayapokei -ni: hatusemi Bukavuni wala Ujijini, kwa sababu jina la mahali tayari ni mahali. Pili, neno lenye -ni ya mahali huvuta upatanisho wa mahali: sokoni kwetu, ziwani kule, nyumbani mwake. Amerikani haifanyi hivyo. Husemwa amerikani hii, amerikani nzito, amerikani imechakaa. Tatu, katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19, kuanzia Richard Burton, neno laonekana kama jina la bidhaa inayopimwa kwa shuka na doti, na mara nyingi a ya mwanzo imeshadondoka: merikani. Huo ndio mwenendo wa neno lililochakazwa na kutumiwa kila siku, na mahali pasingepimwa kwa mikono.

Upatanisho huo wa amerikani hii unanivutia kwa sababu nyingine. Kiswahili hakina jinsi tatu za Kilatini, kina ngeli, na neno geni linapoingia ni lazima lipewe ngeli. Amerikani iliwekwa katika ngeli ya nguo, nchi na ndizi. Inawezekana ni kwa sababu maneno mengi ya kigeni hutupwa humo. Inawezekana pia ni kwa sababu nomino iliyoachwa njiani ilikuwa nguo, na kivumishi kikarithi ngeli ya mwenye nyumba aliyeondoka. Ninaegemea la pili, nikikubali kwamba yote mawili yanaelekea upande mmoja na ni vigumu kuyatenganisha. Lenye uhakika zaidi ni hili: maneno yetu ya vitambaa yamejigawa. Kitambaa, kitenge, kikoi, na kikwembe ambacho watu wa Bukavu husema kwa wingi bikwembe, ni vipande: kitu kilichokatwa, chenye mwanzo na mwisho, kinachofungwa kiunoni au kubebea mtoto. Amerikani, kaniki, hariri, bafta na pamba ni vitu kabla havijakatwa, vikiwa bado katika jora. Leso, kanga na shuka zinaivunja kanuni hiyo na sitazilazimisha ziifuate. Hata hivyo mwelekeo upo, na unafanana na ule wa Kilatini, ambacho kilipouacha mkono wa vestis kilichagua sericum, ile jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, jinsi ya vitu vinavyopimwa kwa ratili. Lugha mbili zisizo na undugu, kila moja kwa vyombo vyake, zimefanya kazi moja: zimekiondoa kivumishi kwenye sifa na kukiweka kwenye mali.

Sasa hoja yenyewe ijaribiwe. Kama amerikani ilikuwa bado inataja Amerika, basi siku nguo za Amerika zilipoadimika jina lingeadimika pia. Jaribio hilo historia ililifanya yenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilikata pamba iliyolisha viwanda vya Massachusetts. Bei ikapanda, meli zikapungua, na biashara ile haikurudi tena katika nguvu yake ya zamani. Nafasi iligombewa na viwanda vya Uingereza, na baadaye vya Bombay, ambavyo vilijifunza kutengeneza kitambaa chenye sura ile ile kwa bei nafuu. Wanunuzi wa bara hawakudanganyika kirahisi. Waliipima nguo kwa vidole, waliitazama kwenye mwanga, na waliyokuwa na mashaka nayo waliikataa, hata msafara ukakosa chakula. Lakini iliyopita mtihani huo ilipewa jina la amerikani, popote ilipofumwa. Ushahidi ulio karibu zaidi nasi ni wa Wabelgiji. Katika maandishi yao ya Kifaransa kuhusu Kongo, kitambaa hiki huandikwa américani. Kifaransa kina neno lake kamili, américain, na lingekuwa tayari kutumika kama mwandishi angesikia Amerika ndani ya jina hilo. Hakuisikia. Aliandika alichokisikia kwa wapagazi na wachuuzi, jina la Kiswahili la kitu, na kivumishi cha Kilatini kikaingia katika lugha iliyozaliwa na Kilatini bila kutambuliwa na ndugu zake.

Leo amerikani haiongozi tena soko la Kadutu, hapa Bukavu. Kinachotafutwa ni wax, na juu ya wax zote ni hollandais. Hapo ndipo mchezo ule ule unapojirudia mbele ya macho yetu. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846 na Pieter Fentener van Vlissingen, na ufundi iliouchukua ulikuwa wa Java: kuchora kwa nta ili rangi isiingie palipofunikwa. Kwa mashine zao Waholanzi waliuiga ufundi wa watu wa Java, nguo ikapendwa zaidi Afrika kuliko Java, na hadi leo aina moja ya kitambaa chao inauzwa kwa jina la Java ingawa inachapwa Ulaya. Hollandais nayo ni kivumishi kilichoachana na nomino. Mama anayeuza hasemi pagne ya Uholanzi, husema hollandais, na hapo amekwishakutajia bei. Na lile neno pagne, kwa njia ya Kihispania, linatoka kwenye pannus ya Kilatini, kipande cha nguo, ili ijulikane jinsi lugha hiyo isivyotuacha. Tazama sasa maandishi ya Kifaransa yanayochapwa ukingoni mwa kitambaa: véritable wax hollandais, wax ya Kiholanzi ya kweli. Neno hilo la kwanza linafanya kazi iliyofanywa na holo- katika holosericus. Jina lisilo na mashaka halihitaji kuthibitishwa. Linapoanza kuhitaji ya kweli, ya tupu, ya asili, ujue limeshaenea hadi kwenye nguo nyingine, na mwenye nalo wa kwanza analivuta lirudi.

Pingamizi kali zaidi ninalolijua ni kwamba ninaupamba udanganyifu. Mtu anayechapa neno hollandais kwenye kitambaa kilichotengenezwa China anasema uongo, na kuuita uongo huo mageuzi ya lugha ni kumdhulumu mama aliyelipa fedha yake. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito wote, kwa kuwa fedha ya kikwembe kimoja kizuri ni akiba ya muda mrefu katika nyumba nyingi za Bukavu. Lakini tuutazame uongo wenyewe uko wapi. Mnunuzi wa Kadutu hanunui Uholanzi. Ananunua rangi isiyochuja, pamba iliyobana, na pande mbili za kitambaa zinazong'aa sawasawa. Akivipata vyote hivyo atakuwa amepata alichoahidiwa, na akivikosa atakuwa ameibiwa hata kama nguo ilipita Helmond. Udanganyifu unawezekana kwa sababu jina ni ahadi ya ubora. Lingekuwa jina la mahali tu, kuliiga kusingekuwa na faida. Kwa hiyo sheria ya kumlinda mnunuzi ni halali na ni ya lazima, ila ingefaa ilinde kile anachokinunua, yaani nyuzi na rangi, na isiridhike na kuangalia maandishi ya ukingoni. Diocletian, pamoja na ukali wake wote na kushindwa kwake, angalau alitenganisha tupu na ya kuchanganya.

Kuna pingamizi jingine, la wanaisimu, na hili linanilazimisha kupunguza sauti. Majina ya nyuzi nayo huteleza. Carbasus ilitoka kwenye neno la Kihindi la pamba, lakini Pliny analitumia kwa kitani laini ya Tarraco, Hispania. Hariri, neno letu la Kiarabu, siku hizi hutajwa kwa kitambaa chochote kinachoteleza na kung'aa, hata kama nyuzi zake zimetokana na mafuta ya petroli. Basi tofauti niliyoichora kati ya njia mbili za Kilatini si ukuta. Ni tofauti ya mwendo: jina la nyuzi linaweza kupingwa na yeyote mwenye moto na uzi mmoja wa kuunguza, maana sufu hunuka nywele na pamba hunuka karatasi. Jina la mahali haliwezi kupingwa na mtu aliyeko sokoni. Hana njia ya kuiuliza nguo ilizaliwa wapi. Ndiyo maana la pili huteleza haraka na kwenda mbali zaidi.

Hilo ndilo linalofafanua jambo ambalo lingeweza kuonekana kinyume cha hoja yangu. Warumi walikuwa pia na vivumishi vya mahali pa karibu. Sufu ya Canusium, kusini mwa Italia, ilisifiwa sana, na joho lake liliitwa Canusina, kivumishi bila nomino kama serica. Lakini Canusina haikutoka ikawa jina la sufu katika lugha zilizofuata. Roma haikuwa mbali na Canusium, mnunuzi aliwajua wachungaji na njia yao, na jina lilibaki limefungwa kwenye malisho yale hadi sifa yake ilipokwisha. Jambo hilo hilo lilitupata sisi. Katika miaka ya 1940 kiwanda cha Filtisaf kilijengwa Albertville, Kalemie ya leo, kwenye ziwa lile lile ambalo Stanley alilipita, na kwa miongo kadhaa kilisokota na kufuma pamba ya Kongo kabla ya kudhoofika na kusimama. Kisangani nako kulikuwa na Sotexki. Nguo hizo zilivaliwa na watu wengi, ila Kalemie haikugeuka kuwa jina la kitambaa masokoni mwetu. Waliozivaa walijua mji uliko, walikuwa na ndugu waliofanya kazi kwenye mashine zake, na siku mashine ziliponyamaza kila mtu alizisikia. Kwa amerikani haikuwa hivyo: miaka mingi baada ya Salem kuacha kutuma jora Zanzibar, katika bonde la Ruzizi hakuna aliyekuwa na sababu ya kulibadilisha jina.